Bibi Juu ya Fisi

Juzi, kwenye mgahawa mmoja hapa Bariadi, mwanaume aliingia na fimbo ya kuchungia ng'ombe akaielekeza ukutani. Palitundikwa picha ya sarakasi, rangi tele, kazi ya mchora vibao aliyejifunza mwenyewe. Katikati ya hema la njano, bibi mwenye macho mekundu alikuwa amempanda fisi.

"Nani kakutuma umchore mayu, mama yangu?"

Mchoraji, aliyekuwa meza ya jirani, aliweka kikombe chini. "Kaka, mama yako simjui. Sarakasi sijawahi kuiona, simba pia. Fisi ndiye ninayemjua, nikamchora yeye."

"Macho ya mama ni mekundu kwa moshi wa kuni. Majirani wameiona picha hii. Jana hakuna aliyemwitikia salamu."

Tuliacha kutafuna. Huku kwetu bibi wa fisi ni mchawi, na wapo waliouawa kwa macho mekundu tu.

Mchoraji akachukua brashi, akaufunika uso wa bibi kwa rangi na kuchora wake mwenyewe, pamoja na ndevu zake. Yule bwana hakuondoka mpaka rangi ilipokauka.

Leo wateja wanaicheka hadi wanapaliwa na chai. Fisi hakuguswa. Ila sasa aliyempanda ni mwanaume, basi ni sarakasi.