Chupa ya Maji Kwenye Injini

Fundi Kasonia wa Butembo hakumwamini mtu. Mke wake Kanyere akimwambia chai ina sukari, alionja kwanza. Ukimpelekea gari ukasema breki ni mbovu, alianza kukagua taa. Alinichosha sana, lakini mwaka 1965 sikukubali kusafiri na fundi mwingine.

Jeshi lilikuwa limerudi Beni, na waasi walikuwa bado porini. Tulikuwa watatu kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo la Jumaine, mchukuzi wa Beni: yeye kwenye usukani, Kasonia na mimi. Matope yalifunika kioo. Jumaine akabonyeza kitufe cha kurushia maji, hayakutoka. Vifutio vikapaka matope tu. Hatukuona kizuizi cha askari mpaka bunduki zilipotuelekea.

Sajini wao akaamuru injini ifunuliwe; Kasonia na mimi tukashuka kuifunua. Alipoona chupa ya maji iliyofungwa mpira, akarudi nyuma. Siku zile waasi walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie.

"Hii mayi ni ya nini?"

"Ya kusafisha kioo, chef," Jumaine akajibu kutoka kwenye usukani.

"Unanidanganya! Ni dawa ya baasi. Kama ni ya kioo, itoke ku kioo. Kama haitoke, tunakuua."

Jumaine akaanza kusali. Kasonia hakumtazama hata sajini. Alikuwa anaishuku pampu. Akachomoa mpira kwenye kitundu cha kutokea maji.

"Bonyeza, Jumaine."

Maji yakatoka mpirani. Pampu ilikuwa nzima, basi. Kitundu ndicho kilichoziba. Akatoa mfukoni uzi wa waya wa breki ya baiskeli, akakizibua, akarudisha mpira, akafunika injini.

"Bonyeza tena."

Maji yakaruka, vifutio vikapita, na nyuma ya kioo tukamwona Jumaine analia.

Sajini alitutazama kwa jicho baya. Kisha akaifunua tena injini, akaichomoa chupa, akajimwagia kichwani, kifuani, hadi kwenye bunduki. Askari wake wakaja mmoja mmoja, wakainamisha vichwa.

"Lakini chef, ile ni mayi na sabuni…" Kasonia akaanza.

Jumaine, aliyekuwa ameshashuka, akamkanyaga mguu.

Maji yaliisha kabla ya kumfikia askari wa mwisho. Alitetemeka waziwazi, nami, niliyekuwa nawachukia wote, nikamwonea huruma.

Tulipowasha gari, sajini alikuja dirishani, akasema kwa sauti ya chini:

"Mukirudi, mutuletee ingine."