Namba Zilizokuwa Chini ya Rangi ya Baba

Harufu ya tapentaini hunirudisha Kitale papo hapo, popote nitakapoipata. Baba yangu alikuwa mchoraji wa mabango. Mabucha, vinyozi, vinu vya posho, duka la mbolea karibu na stendi, vyote vilivaa mwandiko wake, na mimi nilipotumwa sokoni nilipita nikizisoma zile herufi kama mtu anayesalimiana na jamaa zake. Hakutumia rula. Alifumba jicho moja, akashusha pumzi, na mstari ukatoka umenyooka. Nyumbani kwetu hakukuwa na kitu kisicho na jina: pipa la maji, jembe la mama, hata kigoda cha kukamulia ng'ombe. Baba alishikilia kwamba kitu kisicho na jina ni cha mwizi, na shule za wakati huo ziliamini hivyo hivyo, maana viti, sufuria, mipira na hata mafagio yaliandikwa jina la shule. Kwa hiyo mwaka ule, nikiwa kidato cha pili, kompyuta zilipokuja shuleni kwetu, mtu wa kwanza kuitwa hakuwa fundi. Aliitwa Baba.

Zilikuwa mashine kuukuu za msaada, zenye vioo vya kisogo kikubwa, na ndani yake mlikuwa na mfumo wa bure wa kuziendesha, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Baba alizifanyia kazi ya heshima. Nyuma ya kila kioo alipaka kwanza mraba mweupe wa rangi ya mafuta ili mwandiko usomeke vizuri, na juu yake akaandika jina la shule kwa kijani. Nilisimama mlangoni na rafiki zangu, kichwa kimenivimba kwa fahari, nikiwaambia kwamba yule ni baba yangu, kana kwamba hawakumjua.

Rangi ilipokauka ziliwashwa. Feni zikavuma, maandishi meupe yakateremka mstari kwa mstari, nasi tukasukumana kusogea karibu. Ilipofika zamu ya picha, kioo kikalia tik, kikawa cheusi, na maneno machache ya Kiingereza yakaanza kuelea humo kutulalamikia kwamba kioo kimepewa mzigo kisiouweza. Kila mashine ikafanya hivyo hivyo. Wiki zikapita. Mwenyekiti wa bodi ya shule akatangaza kwamba ni rangi ya mchoraji iliyoziziba pumzi, na kufikia Jumamosi habari hiyo ilikuwa imefika kwenye kinu cha posho, ikisagwa pamoja na mahindi. Mama alirudi na unga na uso uliokunjamana. Kisha ofisi ya elimu ikamwambia mwalimu mkuu kwamba mashine zisipofanya kazi kufikia siku ya kufunga shule, lori litatoka Bungoma kuzichukua, maana huko kulikuwa na shule iliyozililia kwa muda mrefu. Niliumia. Sikuwa nimewahi kugusa kompyuta yenye picha, na sasa ingeondoka bila mimi kuigusa, ikiwa na mwandiko wa baba yangu mgongoni kama ushahidi wa kosa lake.

Aliyekataa kukata tamaa ni Mwalimu Wambui, aliyetufundisha fizikia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, aliyelelewa katika shamba ambalo wazazi wake walinunua Trans-Nzoia walipohamia kutoka kati ya nchi. Kila jioni baada ya vipindi alikaa na kitabu kinene cha ule mfumo, nasi wa klabu ya sayansi tukimzunguka. Siku moja akakipiga kitabu kofi. Alitueleza kwamba kila kioo kina kasi yake ya kuchora picha upya ndani ya sekunde moja. Aliyeziandaa mashine zetu aliziandaa kwa vioo vya kasi kubwa, kisha sisi tukaletewa vioo vingine. Dawa ilikuwa kufungua faili moja ya maelekezo na kuandika kasi halisi ya vioo vyetu. Lakini kitabu kilionya: usibahatishe, kwani namba zisizofaa zinaweza kuunguza kioo kizeekacho. Namba za kweli zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma ya kioo.

Tukakigeuza kioo. Mraba mweupe, jina la shule, kijani safi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja! Rangi ya Baba haikuwa imeziba pumzi ya mashine, ila ilikuwa imefunika jambo lile lile tulilolihitaji. Mwalimu Wambui alinitazama, nami nikatazama sakafu. Simiyu, kiranja wetu asiyejua kungoja, akatoa wembe na kuanza kukwangua. Haraka haraka haina baraka. Rangi ilitoka, karatasi ikatoka, namba zikatoka, kioo kikabaki na kipara.

Nilimkuta Baba amekaa kwenye ngazi yake nje ya bucha, akinywa chai. Nilikuwa nimepanga maneno matamu njiani, yote yakapotea. Nikamwambia tu.

"Ati kumbe ni ukweli?" akauliza. "Rangi yangu ndio imeua mashini?"

"Haijaua, Baba. Imefunika namba. Simiyu amejaribu na wembe, karatasi ikaisha yote."

"Wembe!" Akashuka ngazi kana kwamba amechomwa. "Hiyo si ndevu, bana. Ambia huyo kijana asiguze ingine mpaka nikuje."

Mficha uchi hazai, na Baba hakuficha. Alikuja kesho yake mchana, akapita mbele ya ofisi ambamo mwenyekiti wa bodi alikuwa amekaa, chupa ya tapentaini mkononi, akiwasalimia watu wote. Alifunga pamba kwenye kijiti cha kiberiti, akailowesha, akaikamua karibu yote. Kwanza zikaondoka herufi za kijani za katikati, alizozichora mwenyewe. Kisha ule weupe, polepole, kwa miduara midogo, akiunusa na kuupuliza, kwa kuwa tapentaini inayokula rangi hula pia wino. Nilimwona akisimamisha mkono mara kadhaa, akingoja, wakati sisi tulitamani kumsukuma. Darasa lilijaa harufu hadi macho yakatutoka machozi. Hatimaye, chini ya ukungu mwembamba wa rangi, namba zikajitokeza. Hakuufuta ule ukungu wa mwisho. Alisema unatosha kusomeka, na tamaa ndiyo iliyomponza mwenye wembe.

Baba alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, nami nikazirudia. Mwalimu Wambui akaziandika ndani ya faili, akalinganisha tena, kisha akasogeza kiti chake pembeni na kuniambia, "Nekesa, bonyeza wewe." Nikabonyeza. Kioo kikalia tik ile ile tuliyoichukia. Giza. Halafu likaja wingu la kijivu lenye vitone vidogo sana, na katikati yake msalaba mdogo mweusi. Nikausogeza ule msalaba kwa kipanya, nao ukasogea! Kisha picha nzima ikafunguka, buluu, na vijidude vyake vimejipanga chini. Hatukupiga makofi kwanza. Tulipiga kelele, kelele za watu walioshinda. Vioo vyote vilikuwa vya aina moja, hivyo namba zile zilivitosha vyote, hata chenye kipara. Mwenyekiti alikuja mbio kuona nani ameumia. Baba akamsalimia tena.

Ijumaa, siku ya kufunga shule, lori lilifika kutoka Bungoma, maana huko hawakuwa wamepata habari. Mwalimu aliyekuja nalo alitukuta tumejaa mbele ya vioo vinavyong'aa, akavua kofia.

"Haki ya nani, mumezifufua," akasema, akicheka bila kinyongo. "Sasa nitaambia watu wa Bungoma nini? Rori nzima kurudi bure?"

Halikurudi bure. Dereva alipakia magunia ya mahindi ya Kitale. Naye mwalimu kabla ya kupanda alimwomba Baba aje siku mashine zao zitakapofika, "lakini zetu uandike kwa mbavu, mzee, mgongo uache."

Leo ninafanya kazi Bungoma, nikitunza kompyuta za ofisi kadhaa. Vioo vimekuwa vyembamba kama sinia, na ukichomeka kimoja, chenyewe huiambia mashine kasi yake. Sizililii zile siku za kuumwa kichwa. Ila vijana ninaofanya nao kazi huwasha, picha ikaja, nao hata hawainui macho. Sijawahi kuwasikia wakipiga kelele kama zetu. Mabango nayo huchapishwa kwenye plastiki, na Baba, ambaye mikono yake sasa inatetemeka, amerudi kijijini kwao Kimilili kulima mboga.

Shule ilipotupa mashine zile, niliomba kioo kimoja, kile alichokifuta Baba. Kimekaa mezani kwake, hakiwaki, na kimegeuzwa kisogo mbele. Wageni huuliza kwa nini jina la shule limepasuka katikati, na hakuna siku amechoka kuwajibu.

"Maisha yangu yote nimepaka rangi, na hakuna mtu alishangilia," huwaambia. "Siku moja nikafuta, shule mzima ikasimama."