Kumbikumbi wa Mama Ngassa

Mbuke wa Didia alikuwa na uongo mwingi kuliko mahindi ya ghalani kwake, lakini siku hiyo mkwewe alimletea jambo la kweli kabisa.

Violeth alikuwa ameolewa juzijuzi na Ngassa, mwana wa Mbuke anayechimba dhahabu Geita, na ndiyo kwanza anakula kwa mama mkwe. Mbuke akamwandalia bakuli la kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Violeth akalisogeza pembeni kwa adabu zote.

"Nisamehe, mama. Redioni walisema mchwa na mende ni ukoo mmoja. Na mende wa chumba chetu cha kupanga nawajua mimi!"

Eufrasia, jirani wa Mbuke aliyekuwa akila nao, akaacha kutafuna. Mkwe kukataa chakula cha kwanza! Kijiji kizima kingesema Mama Ngassa amekataliwa.

"Ukoo mmoja, sawa," Mbuke akasema. "Mumeo na Enock nao si wametoka tumbo moja?" Akamnyooshea kidole Enock, aliyekuwa anakoroma barazani tangu asubuhi. "Ungeolewa na yule?"

Eufrasia akaangua kicheko.

Mbuke akamvuta mkwewe hadi nyuma ya nyumba, Eufrasia akiwafuata. Akainua gunia kuukuu: mende wakatawanyika, kila mmoja na roho yake. Akabomoa kipande cha kichuguu: mchwa wenye vichwa vikubwa wakajaa mlangoni kulinda, wengine wakaja na udongo mdomoni kuziba.

"Umeona, ng'wanawane, mwanangu? Yule ukimfunua, anakimbia. Huyu anajenga! Mende mmoja wa Maganzo alimeza almasi, wakamkimbiza kwa pikipiki mpaka Mwadui!"

"Mama, jamani!"

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Mbuke akafunika kichuguu kwa blanketi, akaacha tundu moja juu ya ndoo, akampa Violeth vijiti na kumwonyesha gogo lililolala kando.

"Piga hilo gogo, ili kumbikumbi wadhani mvua imerudi."

Violeth akaanza kwa aibu, kisha mabega yakaingia kwenye mdundo. Mara mabawa yakametameta tunduni.

"Wanatoka! Mama, wanatoka!"

"Haraka, kula mmoja! Mpigaji asipoonja wa kwanza, wanarudi ndani wote!"

Violeth akadaka mmoja, akang'oa mabawa, akatafuna. Akadaka wa pili bila kuambiwa.

"Kumbe watamu hivi!"

Eufrasia akamsogelea Mbuke sikioni. "Mwenzangu, mwiko huo umeanza lini?"

"Sasa hivi," Mbuke akajibu, huku akikimbilia ndoo nyingine.