Jumamosi Wanakuja Kumng'oa Mwanangu Meno ya Plastiki

Admin, nifiche jina, mume wangu naye anaingia humu. Wakubwa shikamooni. Nina miaka ishirini na moja, niliishia la saba, nimeolewa huku Nyabiyonza. Mwanangu wa pili ana wiki tatu.

Wa kwanza hakufikisha mwezi. Alikuwa analia na kuharisha, mama mkwe akasema ni meno ya plastiki, yale meupe wanayosema yanaota ndani ya fizi na kuua watoto. Akaitwa mama mmoja akamchokonoa fizi, kichwa nimekishika mimi mwenyewe. Damu haikukata. Ililowesha kanga mbili, mtoto akanyamaza mikononi mwangu.

Huyu wa pili amezaliwa na vidoa vyekundu mwili mzima, kama kaumwa na viroboto. Hospitali wakampima, wakamwongezea damu, daktari akaniita peke yangu. "Mdogo wangu, chembe zinazogandisha damu ya mtoto zilikuwa chache mno. Zina alama aliyoirithi kwa baba yake, wewe huna. Kinga ya mwili wako ikaziona ngeni, ikamfuata tumboni ikaziharibu. Siyo kosa lako. Zinapanda taratibu, ila asikatwe wala kung'olewa chochote. Jumatatu tumpime tena." Nikamuuliza, na yule wa kwanza? Akasema huenda na yeye ilikuwa hivyo.

Nyumbani nilidanganya. Nilisema ni manjano tu. Maana kwenye msiba ule mama mkwe alisema mbele za watu damu yangu ni mbaya. Nikimwambia haya si nimemthibitishia?

Sasa tangu jana mtoto anaharisha. Mama mkwe akamfungua mdomo: "Hayo hapo, meupe!" Nikamwambia, "Mama, tungoje Jumatatu." Akacheka. "Waitu! La saba yako ndiyo imekufundisha meno? Mimi nimezaa tisa. Jumamosi yule mama anakuja." Mume wangu alikuwa anageuza kahawa juani, hata kichwa hakuinua. "Mwache mama afanye. Wewe una sababu gani ya kukataa?"

Sababu ninayo. Nikiisema naogopa watanirudisha kwetu Ihembe, mtoto wabaki naye. Nisiposema nitakishika kichwa kingine.

Lakini vidoa vinafutika jamani! Asubuhi amenyonya mpaka akasinzia. Naamini huyu atakua.

Leo ni Alhamisi. Dada zangu, mama zangu, nimweleze mume wangu yote akitoka shambani, au nimbebe mwanangu sasa hivi nirudi hospitali bila kuaga? Nijibuni upesi.