Kamba ya Oswald

Oswald alikata mkonge Rudewa miaka kumi na moja, na hakuwahi kumiliki hata kamba ya kufungia mbuzi. Mwaka 1974, ilipokuja Operesheni Vijiji, mgambo walimsaidia kuhama mlimani: waliezua paa akiwa bado anakunywa uji. Alipofika kijiji kipya akageukia ukuta, akanyamaza. Ukuta wenyewe ulikuwa wa fito, haujakandikwa, kwa hiyo tulio nje tulimwona vizuri tu.

Mkewe, Natalia, alimsemesha kwa Kiswahili, kwa Kikaguru, na kwa nyimbo za kanisani. Kimya. Mwishowe akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko hawakumpa vidonge tu. Muuguzi mmoja alimwekea fungu la katani mapajani, akamwambia, “Sokota, mzee. Ukikosea, fumua.” Akasokota. Alipofika pima ya nne akaomba chumvi ya ugali.

Alirudi na barua ya muuguzi: Asokote kila asubuhi, kiasi anachotaka. Asiharakishwe. Ikawa kila asubuhi anasokota, kisha anaita, “Natalia, chai,” na Natalia anajifuta macho kwa kanga, akisingizia moshi.

Sasa mtu apone hadharani namna hiyo, bila kamati! Mwenyekiti wetu, Melkizedek, angevumiliaje? Akaitisha mkutano.

“Ndugu wanakijiji! Mwenzetu mgonjwa amefanya kazi, amepona. Je, sisi wazima tukifanya kazi tutakuwaje?”

“Tutachoka,” akajibu Bibiana kutoka nyuma, akazawadiwa siku nzima ya kupalilia shamba la ujamaa peke yake.

Ukazaliwa Mradi wa Kamba. Ulikuwa na katibu, mweka hazina asiye na hazina, na fimbo ya kupimia. Mfanyakazi alikuwa mmoja, Oswald: pima ishirini kwa siku.

Natalia akaipeleka barua.

“Shikamoo, mwenyekiti.”

“Marahaba, mama.”

“Imeandikwa asiharakishwe.”

“Nimeisoma. Huyo muuguzi hana malengo.”

“Akinyamaza tena sijui kama nitampata.”

“Atakuwa mfanyakazi bora, mama! Mfanyakazi bora hanyamazi, anahutubia.”

Wiki ya tatu Oswald akageukia ukuta. Safari hii ulikuwa umekandikwa. Hatukumwona.

Kama kawaida ya mambo haya, ndipo habari zikafika kwamba Ijumaa afisa anakuja kutoka Kilosa kuutazama Mradi wa Kamba. Melkizedek akamkimbilia Natalia.

“Mama, mwamshe!”

“Hajalala.”

“Nani atasokota mbele ya mgeni?”

“Mwenye mradi.”

Basi Ijumaa mwenyekiti alikaa kwenye kigoda cha Oswald, mlangoni kwa Oswald, suruali imekunjwa hadi mapajani, anasokota huku jasho linamtoka kama anayeungama. Kila alichosokota kilijifumua. Mgeni alipiga makofi kwa heshima, asijue anapigia nini.

Sauti ikatoka ndani, imekwaruza kama bawaba yenye kutu.

“Unazungusha upande mmoja tu. Rudisha.”

Natalia alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye vumbi. Oswald akatoka, akaichukua ile kamba, akaifumua yote mbele ya afisa, akairudisha katani mapajani kwa mwenyekiti.

“Ukikosea, fumua.”

“Mradi unatoa pima ngapi kwa siku?” akauliza afisa, kalamu tayari.

Melkizedek akafungua mdomo. Natalia alikuwa ameinuka, na ameiokota ile fimbo ya kupimia.

“Kiasi anachotaka,” akasema mwenyekiti.

Fimbo iliivisha maharage ya Jumapili. Lakini Melkizedek bado anakuja kila asubuhi, “kukagua mradi.” Anakaa karibu na Oswald, anasokota kitu chenye mafundo kama goti la ng’ombe, na kwa saa nzima hahutubii mtu. Mkewe, Teresia, anasema tangu achaguliwe hajawahi kulala vizuri kama sasa.

Siku moja Natalia alishindwa kuvumilia, akamwuliza mumewe. “Baba Yunis, hiyo kamba ya mwenyekiti itakwisha lini?”

“Mwache,” akasema Oswald. “Asiharakishwe. Natalia, chai. Vikombe viwili.”