Zamu Yangu ya Mgongo

Maji yakitokota sufuriani, mimi siwezi kuketi. Nitafuta meza iliyokwisha kufutwa, nitachungulia dirishani, mradi nisikae karibu na ile sauti. Wanangu hunicheka. Hawajui kwamba ndivyo ilivyotokota chupa ya maji kwenye mtungi wa oksijeni, pale wodini, baba yangu alipokuwa akiitafuta pumzi.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alichimba dhahabu Nyangoto, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, hadi vumbi la mawe likamharibu kifua. Nesi alimketisha kitandani, akamwekea mto mgongoni na mwingine mapajani wa kuegemezea mikono. Akatuonya, "Msimlaze. Akilala chali anabanwa."

Mchana huo, nesi akiwa kwa mgonjwa mwingine, akaingia shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye hata majogoo wetu walimpisha njia. Alimkuta baba anasinzia ameketi, akashika kiuno. Kwetu mwanamume hulala ameketi akiwa analinda ng'ombe wasiibwe.

"Ndugu yangu kalinda ng'ombe tangu ujana, leo na hospitalini alinde? Robi, vuta huo mto, apumzike!"

Nikauvuta. Nilijua nimekatazwa, ila nilimwogopa shangazi, na baba nilimhurumia. Tukamlaza. Midomo yake ikageuka kijivu, macho yakanitafuta. Nilipiga yowe hadi nesi akaja mbio, akamwinua.

Nilijificha nyuma ya mlango. Nilikuwa na hakika nimemuua, ingawa nilimsikia akikohoa.

Nesi hakunigombeza. Alinipandisha kitandani, tukaketi mgongo kwa mgongo, baba na mimi.

"Sasa mto ni wewe," alisema. "Pumua polepole, akufuate. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo kama unapoza uji."

Mimi, ambaye mwalimu alisema nina siafu kwenye sketi, nikatulia. Hata baada ya kurudi nyumbani, kila nikitoka shule nilitupa begi, nikakimbilia zamu yangu. Miguu ilikufa ganzi, nzi walinitembea usoni, nami sikuthubutu kujikuna. Nikijikuna, baba ataanguka. Tulikwenda hivyo miaka mitatu.

Tulipokwisha kumzika, mama akawa anakunja vitu vyake. Akaushika ule mto, akacheka, kisha akalia.

"Alikuwa anauegemea kutwa nzima," aliniambia. "Akisikia hatua zako tu, ananiambia, 'Toa mto upesi, Robi anakuja.'"

Mgongo wa mtoto wa miaka tisa ungezuia nini? Nesi alijua, mama alijua, baba alijua. Mimi peke yangu sikujua. Jioni zote zile alijishikilia mwenyewe, mikono magotini, na pumzi hana, ili mimi niliyeuvuta mto niamini kwamba ndimi ninayemshika.