Zamu ya Mama Odile Kukaa Mezani

Saa kumi na moja alfajiri, Omer Kazadi anapiga pasi kitambaa cha meza. Pasi ni ya makaa, na kila mara anaipeleka pembeni na kuipuliza ili majivu yasidondokee kazi yake. Kitambaa ni cheupe, kina pindo la samawati, na ni kifupi mno. Kinafunika nusu tu ya meza.

Nyuma yake maharagwe yanatokota, na samaki wanasubiri zamu yao. Leo haviuzwi. Malewa ya Kazadi, yaani mgahawa wake wa mabati na mabenchi hapa Kapata, mtaa wa mji wa Kolwezi, imefungwa kwa siku nzima. Wachimbaji wawili waliokuja kutafuta chai wameondoka wakinung'unika.

"Batarudia kesho," anasema bila kuinua macho. "Lelo niko na mugeni moja tu."

Mkewe, Mama Bilonda, ndiye anayekoroga sufuria. Anacheka. "Mugeni ni wake, kupika ni kwangu. Yeye anashika pasi tu tangu jana."

Mgeni huyo ni Mama Odile Mwad, aliyekuwa mpishi wa hoteli moja ya Kolwezi ambako Kazadi alikuwa mhudumu wa mezani. Ametoka Musumba, juu kabisa huko Kapanga, akisafiri juu ya lori katika barabara ambazo mvua ikinyesha hugeuka uji. Usiku amelala mtaa wa Dilala, kwa mpwa wake Laurentine. Yeye na Kazadi hawajaonana tangu mwaka 1993.

Kazadi, mwenye umri wa miaka sitini na sita, ana haja moja. Anataka kumkalisha Mama Odile mezani ndani ya ile hoteli na kumhudumia, kabla haijabomolewa. Jengo limezungushiwa uzio, na watu wa mtaa wameambiwa kwamba tingatinga litaingia kiangazi kikianza. Kama si leo, basi tena.

Anayeiona hoteli hiyo sasa hatashawishika kulala humo hata kwa malipo. Madirisha hayana vioo, paa la veranda limekaa upande, na katikati ya ukumbi wa chakula umeota mti ambao hakuna aliyeupanda. Jina lake halisi lilikwisha kufutika ukutani. Lakini muulize mtu yeyote wa makamo hapa mjini atakwambia: "Pale Kwa Treni."

Iliitwa hivyo kwa sababu ya bustani za michezo. Mbele ya hoteli palikuwa na pembea, farasi wa mbao waliozunguka, na treni ndogo nyekundu iliyobeba watoto. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bwawa la kuogelea lenye mtelezo mrefu. Jumapili familia zilikuja kutoka Likasi, nyingine hata Lubumbashi, na vyumba vilijaa.

"Ile treni ilikuwaka inazunguka, inapiga kengele," anakumbuka Kazadi. "Batoto balikuwaka banalia juu ya kushuka, haiko juu ya kupanda. Mutoto wangu Tatiana, kumushusha ilikuwa vita."

Kazadi alizaliwa Kolwezi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, akapewa nyumba hapa hapa Kapata, akazikwa hapa hapa. Mwanawe hakupenda shimo. Alipenda viatu vilivyong'arishwa na kitambaa juu ya mkono wa kushoto, na hoteli ikampa vyote viwili.

Lakini kilichomfunga na mahali pale kilianzia jikoni. Mama Odile alikuwa ameweka desturi yake mwenyewe. Kila Jumamosi, wageni wakishamaliza kula, mfanyakazi mmoja aliketi kwenye meza ya dirishani kama mgeni kamili, na wenzake wote wakamhudumia. Leo mfua nguo, Jumamosi nyingine mlinzi, nyingine msimamizi wa vyumba. Waliiita "zamu."

"Mama alikuwaka anasema, mutu hajue kutumikia kama yeye hajatumikiwa," anasema Kazadi.

Zamu zilikuwa na vituko vyake. Mtunza bustani, Ngoyi, siku yake ilipofika alikunywa maji ya ndimu yaliyoletwa kwa ajili ya kunawa vidole. Akayamaliza, akapangusa midomo kwa adabu, akamwambia mhudumu kuwa supu ni nzuri ila chumvi imepungua. Kazadi anasimulia kisa hiki huku machozi yakimtoka kwa kicheko.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukaa. Kila zamu yake ilipofika, Mama Odile alikuwa na jibu lile lile: sufuria itaungua. Basi akapitisha zamu kwa mwingine, mwaka hadi mwaka.

Kisha mambo yakaenda mrama. Mwanzoni mwa miaka ya tisini shaba ilipungua, mishahara ikachelewa na baadaye ikasahaulika, wageni wakatoweka. Treni ndogo ilisimama kwa kukosa kipuri. Farasi wa mbao waliondoka mmoja mmoja na kuishia kwenye majiko ya watu, na sidhani kuna wa kuwalaumu. Njaa haina farasi.

Baada ya njaa yakaja maneno. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa kwamba mkoa huu wa Katanga si kwao, waondoke. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kupitana njiani bila salamu.

"Balisema, rudia kwenu," anasema Kazadi. Hapa anaiweka pasi chini. "Nikamuuliza bibi yangu, Bilonda, kwetu ni wapi? Mi Kasai sikuijua. Kaburi ya baba yangu iko hapa."

Walikimbilia kwenye kituo cha treni pamoja na maelfu ya wengine, wakalala chini ya maturubai wiki baada ya wiki, wakingoja mabehewa. Mama Bilonda anasema siku zile alijifunza kupika kwa maji ya kikombe kimoja. Waliugua, waliibiwa, walinyeshewa.

Ndipo ikafika Jumamosi moja. Kazadi aliona watu wakipisha njia, akadhani ni fujo tena. Alikuwa Mama Odile, ameweka sufuria kichwani, na nyuma yake Ngoyi mtunza bustani amebeba sahani ndani ya beseni.

Vijana waliosimama mlangoni mwa kituo walikuwa wamemzuia. Walimuuliza chakula hicho anampelekea nani. Mama Odile, Mlunda wa Musumba, mtu ambaye hakuna aliyekuwa akimfukuza, aliwajibu: "Ni ya mugeni wa hoteli." Wakampisha.

Alipanga masanduku mawili ya Kazadi yakawa meza. Akatandika kitambaa cheupe chenye pindo la samawati, akaweka uma kushoto, kisu kulia, na leso iliyokunjwa kama kofia. Kisha akamwambia Kazadi kwamba zamu yake ilikuwa Jumamosi hiyo, na haikufutwa.

"Akaniambia, Omer, ikala," anasema Kazadi; yaani, keti. "Mi nikasimama juu ya kumusaidia sahani. Akanisukuma mu bega. Ikala. Njo pale nililia. Haikuwa juu ya njaa, bantu bote balikuwa na njaa. Nililia juu ya ile uma."

Chakula kingine waligawa kwa waliokuwa karibu. Kitambaa Mama Odile hakukichukua. Alikikunja na kukitia mikononi mwa Bilonda.

Siku behewa lilipopatikana, aliyefurahi ni mmoja tu. Tatiana, aliyekuwa bado mdogo, alipiga makofi na kumwambia baba yake kwamba leo wanapanda treni ya kweli. Kazadi anakumbuka: "Nilimubeba tu, nikamupandisha."

Njiani, kabla ya kufika Kamina, mtoto wa jirani yao alifariki ndani ya behewa. Mama yake hakuwa na nguo ya kumzikia. Bilonda alichukua kisu, akakata kitambaa katikati. Ndiyo maana leo kinafunika nusu ya meza.

Familia iliishi Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa miaka mingi kidogo. Tatiana alikulia huko na sasa ni muuguzi huko huko. Kazadi na mkewe walirudi Kolwezi mwaka 2007, migodi ilipoanza kupumua tena, wakafungua malewa hatua chache kutoka nyumba alimozaliwa. Sahani ya bukari, yaani ugali, na maharagwe ni faranga elfu tatu, na kuna siku mvua inanyesha hauzi hata sahani tano.

Lakini ukikaa kwenye benchi lake, hata kama umetoka shimoni na matope hadi magotini, utahudumiwa kutoka upande wa kushoto na utaletewa leso ya kipande cha kitenge iliyokunjwa kama kofia. Wachimbaji walimcheka mwanzoni. Sasa mgeni akiweka viwiko mezani, ni wao wanaomwonya.

Leso hiyo ndiyo iliyomleta Mama Odile. Dereva mmoja wa lori la Kapanga aliiona na kusema kwamba kule kwao Musumba kuna bibi wa kanisani anayekunja vile vile kila sikukuu. Kazadi aliacha sahani alizokuwa amebeba zikapoa. Akaomba namba ya simu.

"Nilimuambia, Mama, ni Omer. Akaniuliza tu, ulikulaka?"

Saa nne asubuhi pikipiki inasimama mbele ya uzio wa hoteli, ambako Kazadi na mkewe wameshafika na meza, kiti, sufuria na jiko la makaa. Mama Odile anashuka taratibu, Laurentine akimshika kiwiko. Ana miaka inayokaribia themanini, ni mwembamba, macho yake bado makali. Yeye na Kazadi wanashikana mikono. Mama Bilonda ndiye anayelia kwa wote.

Kisha wanaenda langoni, na hapo ndipo mipango inapovurugika. Mlinzi, kijana aitwaye Ngeleka, anasikiliza habari yote kwa heshima, kofia mkononi. Anatazama meza, sufuria, kitambaa. Anatikisa kichwa.

"Tata, minasikia muzuri," anasema. "Lakini bakiona nimefungua, kesho niko kwenu natafuta kazi. Niko na batoto."

Mwandishi wa makala haya, ambaye hana subira ya mhudumu wa hoteli, alikuwa tayari kubishana. Kazadi alinishika mkono. Alimshukuru kijana, akabeba meza yake kichwani na kugeuka.

Nje ya uzio imebaki sehemu ya bustani ya michezo. Pembea ni vyuma vilivyoliwa na kutu, na reli za treni ndogo zimefukiwa na majani. Lakini jukwaa la saruji ambapo watoto walipandia bado lipo, kimo cha goti, lina kivuli. Kazadi anaiweka meza juu yake. Ananiambia kwa sauti ndogo kwamba anaona aibu, kwa sababu alimwahidi mama wa watu ukumbi.

Mama Odile amesikia. "Omer, na kule ku gare tulikuwa na salle?" anauliza. Kule kituo cha treni pia hapakuwa na ukumbi.

Kitambaa kinatandikwa. Uma kushoto, kisu kulia. Kazadi amevaa shati jeupe na viatu ambavyo unaweza kujitazama ndani yake. Anavuta kiti, na mpishi aliyepisha zamu yake maisha yake yote anaketi.

Hajamaliza kukunjua leso, anasimama. Amesikia sufuria ikichemka nyuma yake, na miguu imeondoka yenyewe. Kazadi anamwekea mkono begani.

"Mama, ikala. Haitaungua."

Anaketi. Anakula polepole, samaki kwanza, kisha maharagwe. Namuuliza kwa nini siku ile alikwenda kituoni, na kama hakuogopa.

"Niliogopa mingi," anajibu. "Bwana yangu alisema, utatuletea mambo ku nyumba. Lakini Jumamosi ilifika, kile kiti cha dirisha hakikuwa na mutu. Ningefanya namna gani?"

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walisema. Mama Odile hasemi hivyo. Anafuta sahani yake kwa tonge la mwisho la bukari, anaitazama kidogo, kisha anamsogezea Kazadi.

"Ongeza kidogo," anasema.

Kazadi anapakua akiwa amewapa wote mgongo, na anachukua muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.

Anasema hoteli haitamliza ikianguka. Anashukuru ilikuwepo, na anashukuru zaidi kwa watu ambao ilimpa. Analotaka sasa ni kuirudisha zamu. Kila Jumamosi, pale malewa, mtu mmoja wa Kapata ataketi na kuhudumiwa bila kulipa, kwenye kitambaa hiki hiki cha nusu. Mama Bilonda, ambaye ndiye atakayepika, amekubali kwa sharti la kuhesabiwa kwenye orodha mapema.

"Jumamosi hii inakuja ni ya nani?" anauliza Mama Odile.

Kazadi anatazama langoni, ambako Ngeleka amesimama peke yake juani. "Ya ule kijana. Kusimama siku nzima, minaijua."

"Na yako wewe?"

Kazadi anachukua sahani tupu, kutoka upande wa kushoto, kama ilivyo kawaida.

"Yangu nilishaipataka, Mama. Kule ku gare."